Mwiba Uliobaki Ndani ya Tairi

Kabla hajagusa kitu kingine chochote, Fundi alitema mate kidogo kwenye ncha ya kidole, akakigusisha kwenye valvu. Mate yakitulia, alijua hewa haitokei hapo, shimo liko kwingine. Yakitoa povu, aliguna na kumwambia mteja amebahatika, kazi ni ndogo. Mafundi wote wa pancha hapa Kisumu hufanya hivyo. Ila yeye, baada ya kufuta kidole kwenye suruali, alikuambia kwamba hata Mungu huanza na jambo jepesi. Hukupa nafasi kwanza ya kuwa na kosa dogo.

Tulimwita Fundi. Jina la ubatizo alikuwa nalo, nimeliona kwenye daftari la kanisa, lakini sikumbuki mtu yeyote wa mtaa wetu wa Manyatta akilitumia, hata mkewe. Kibanda chake kilikuwa kwenye kona ya barabara ya vumbi inayoshuka kutoka kanisani kwetu: mabati manne, benchi la mbao, pampu ya kukanyaga, na karai la maji ambayo yalibadilishwa siku ya Jumatatu tu. Jumamosi mchana kibanda hicho kiligeuka darasa. Fundi ndiye aliyekuwa mwalimu wa kipaimara, tangu wakati wa makasisi wanne walionitangulia, na kwa kuwa Jumamosi ndiyo siku pikipiki nyingi za boda boda hupata pancha, hakuona sababu ya kufunga kazi ili afundishe. Sisi tulikaa kwenye benchi na juu ya tairi kuukuu la lori, naye akafundisha huku anaziba.

Mimi nilipitia benchi lile. Leo mimi ni kasisi wa kanisa lile lile, na haya ninayaandika kwa sababu ni mimi niliyemnyamazisha. Nalisema mapema, nisije nikaonekana ninamsifu mtu kwa roho safi.

Somo lake la kwanza kwa kila darasa jipya lilikuwa lile lile. Alijaza hewa tyubu iliyotoboka, akatupa tutafute shimo. Tuliigeuza, tukaisogeza karibu na macho, tukaiweka shavuni tusikie upepo, tukashindwa. Wajuaji miongoni mwetu walionyesha mahali popote na kuapa. Alituacha tuaibike vya kutosha, kisha akaizamisha karaini, na vipovu vikapanda kimoja kimoja kutoka mahali ambapo hakuna aliyekuwa amepashuku.

"Hii shimo huwezi ona na macho," alituambia. "Weka kwa maji, itasema yenyewe."

Hapo ndipo alipotufundishia ubatizo na kuungama dhambi, na onyo ambalo wazazi wetu wangelihitaji zaidi yetu: usimkodolee jirani macho ukitafuta alikotoboka, maana kwa macho hutaona, utasingizia tu. Nilikuwa na umri wa miaka kumi na miwili. Nilirudi nyumbani nikamwomba mama beseni la kufulia, nikaloweka mpira wa ndugu yangu, nikajihisi mtume.

Alikuwa na njia yake ya kupima muda wa gundi. Gundi ya tyubu haitaki haraka. Ukibandika kiraka ikiwa bado mbichi, kitateleza kabla hujafika Kondele. Mafundi wengine hugusa kwa kidole au hukisia. Fundi alisali Baba Yetu mara mbili, kwa Kijaluo, kwa mwendo wa kawaida, bila kukimbiza maneno. Ya pili ikiisha, anabandika. Dereva wa boda boda mwenye abiria anayengoja na deni la siku kichwani alilazimika kusimama pale na kuzisikiliza, na wengi waliishia kuzisali naye, kofia za chuma zikiwa mkononi. Mzee mmoja Mwislamu, muuza vitambaa aliyekuja na baiskeli yake kutoka upande wa msikitini, alisema yeye ana zake. Basi wakawa wanasali kila mtu zake, kimya kimya, na baada ya miezi kadhaa walikubaliana kwamba wanamaliza karibu wakati mmoja. Jambo hilo lilimfurahisha Fundi kuliko mahubiri yoyote niliyowahi kuhubiri.

Sitaki kumfanya malaika. Alikuwa mwongo wa saa. Akikuambia nusu saa, nenda kanywe chai, kula chapati, rudi, kaa. Alilala kanisani, kidevu kifuani, tangu somo la pili hadi baraka, na ukimuuliza mahubiri yalikuwa ya nini anakwambia yote, jambo lililowaudhi makasisi wote watano nikiwemo mimi. Aliimba vibaya na kwa sauti kubwa. Na alikuwa na hasira za karibu, hasa kwa kwaya, ambayo aliamini inachelewesha ibada kwa makusudi.

Kisha kulikuwa na suala la pampu. Fundi mwenzake wa ng'ambo ya barabara aliazima pampu yake, akairudisha imevunjika mpini, akasema ilikuwa hivyo hivyo. Kwa miaka minne Fundi hakumsalimia. Wanatazamana kuanzia asubuhi hadi jioni, upana wa barabara tu baina yao, na hakuna aliyeinua mkono. Tulipofika kwenye somo la kusamehe saba mara sabini, msichana mmoja jasiri alimuuliza, na yule wa ng'ambo je? Tulidhani atamfukuza. Aliendelea kukwaruza tyubu kwa muda, halafu akasema kwamba somo hilo analifundisha vizuri kwa sababu ndilo linalomshinda, na kwamba tumwombee. Tulimwombea, macho wazi, tukimchungulia yule jamaa wa ng'ambo aliyekuwa anakula ndizi bila habari.

Neno lake la msasa nalo lilikuwa maarufu. Kiraka hakishiki kwenye mpira laini. Lazima uukwaruze kwanza mpaka ukose kung'aa. Alituambia Mungu naye akikukwaruza si kwamba amekuchukia, anatafuta mahali pa kubandika. Maneno matamu, na sisi tuliyarudia kila mahali. Lakini Jumamosi moja alikuja pale mama aliyekuwa amemzika mwanawe wiki hiyo. Hakuwa na baiskeli wala pikipiki, alikuja tu akasimama. Fundi aliacha kazi, akampisha benchini, akatutuma nyumbani. Juma lililofuata tulimuuliza, kwa ule ukatili wa watoto, kwa nini hakumwambia yule mama habari za msasa. Alikasirika kweli. Akasema msasa ni neno ambalo mtu hujiambia mwenyewe, akiweza, baada ya miaka. Mwenzako humwambii. Mwenzako unampa mahali pa kukaa.

Nimekwenda chuo cha theolojia miaka mitatu na sikufundishwa jambo hilo kwa ufasaha ule.

Na mwiba. Lazima nifike kwenye mwiba. Kosa la kila fundi mwanafunzi, na la kila mtu anayejizibia mwenyewe nyumbani, ni kuziba tyubu vizuri, kuirudisha ndani, kujaza upepo na kuondoka anapiga mluzi, wakati kilichotoboa bado kimechomeka ndani ya tairi. Kesho yake anarudi analalamika kwamba kiraka ni kibovu. Fundi hakurudisha tyubu yoyote kabla hajaingiza mkono ndani ya tairi na kulipapasa lote, polepole, mzunguko mzima, macho yakiwa yamefumbwa. Vidole vyake vilikuwa na makovu kama ubao wa kukatia mboga. Akikipata, alikitoa kwa koleo, akakuonyesha, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga lililokuwa karibu kujaa miiba, misumari na vipande vya nyaya. Toba ni hiyo, alisema. Mtu analia, anaombewa, anazibwa, halafu anarudi barabarani na mwiba wake.

Misumari mingine ya kopo lile hakuitoa kwenye matairi. Kila asubuhi, kabla hajafungua, alitembea barabara nzima hadi kwenye nyumba zilizokuwa zikijengwa, ameinama, akiokota. Watu wanajua kuna mafundi wa pancha wanaosemekana kumwaga misumari barabarani. Yeye aliiokota. Mama Fundi, mkewe, mwanamke mnene mcheshi aliyekuwa akiuza mandazi jirani na kibanda, alituambia kila alipopata wasikilizaji kwamba mume wake ndiye mtu pekee Manyatta anayeamka mapema kuokota ugali wa watoto wake na kuuficha kwenye kopo. Fundi aliendelea kuziba. Alipenda kulalamikiwa, nadhani, ilimradi mandazi yaendelee kuja.

Kutoka Ahero ndiko alikoleta lile somo lililomponza. Mvua za mwaka mmoja zilifurikisha uwanda wa Kano, watu wa Ahero wakakimbilia kwenye shule iliyokuwa juu kidogo, na kanisa letu likapeleka blanketi na unga. Fundi aliomba nafasi kwenye gari, akapanda na pampu, viraka na karai. Karai la maji, kwenye mafuriko. Tulimcheka hadi tukashikana mabega. Alikaa kule siku tatu akiziba baiskeli bure, kwa sababu, kama tungefikiri, magunia ya watu yalikuwa yanabebwa na baiskeli kwenye tuta moja lililobaki, na tuta hilo lilikuwa limejaa miiba iliyoletwa na maji. Alirudi na vidole vya miguu vimeoza, na jambo moja aliloliona. Aliona bibi mzee akivushwa penye kina, ameketishwa juu ya tyubu ya lori, mikono mapajani kama yuko kanisani. Ndani ya tyubu ile hamkuwa na kitu. Upepo tu. Na upepo ule ulikuwa umembeba bibi na kuku wake wawili.

Alipolisimulia kwa darasa, nilikuwa nimesharudi kutoka chuoni, nina kola shingoni na cheti ambacho mama alikitia fremu. Nilipita karibu na kibanda nikasikia, nikatabasamu. Aliniona, akaniita kama alivyoniita tangu utotoni, "Wuoda, karibu." Maana yake ni mwanangu. Kola haikumzuia kuniita hivyo, hata mbele za watu. Nakiri kwamba mbele za watu ilikuwa inaanza kunikera.

Mwezi uliofuata alikuja mgeni kutoka dayosisi kuwahoji watoto kabla ya kipaimara. Ulikuwa mwaka wangu wa kwanza, kanisa limejaa, na mimi nilikuwa nimepiga pasi hadi soksi. Mgeni aliuliza maswali mepesi, watoto wakajibu. Kisha akamnyooshea kidole msichana wa mstari wa mbele, akauliza, Roho Mtakatifu ni nani? Jibu la kitabuni nalijua, nililingoja: ni Nafsi ya Tatu ya Utatu Mtakatifu. Msichana alisimama wima, hakusita.

"Ni ile upepo iko ndani ya tyubu," alisema. "Huioni, lakini ndiyo inabeba mzigo."

Mgeni alicheka mpaka akatoa leso. Akauliza kama hapa ni kanisani ama ni gereji. Kanisa likacheka, nami nikacheka, na kama ningeishia hapo pengine leo nisingekuwa na la kuandika. Lakini nilikuwa kijana, nimeaibika mbele ya mkubwa wangu, na kipaza sauti kilikuwa karibu. Nikasimama. Nikasema hayo si mafundisho ya kanisa letu, hayo ni maneno ya barabarani. Nikasema mtoto hana kosa, kosa ni la aliyemfundisha asichokisomea. Na kuanzia siku hiyo, nikasema, darasa la kipaimara litafundishwa na mtu mwenye elimu ya mambo ya Mungu.

Fundi alikuwa benchi la tatu, ndani ya koti lake la kahawia. Safari hii hakuwa amelala. Akasimama, na kwa kuwa nilizijua hasira zake, nilijiandaa. Watu nao walijiandaa. Aliishika kofia yake kwa mikono miwili.

"Asante, Kasisi, kunirekebisha," alisema, akaketi.

Wahenga walisema mtu mzima akivuliwa nguo huchutama. Alichutama, na mimi nilidhani ameketi tu. Mgeni alinisifu wakati wa chakula kwa uongozi thabiti. Hata sikugundua siku hiyo kwamba ndiyo mara ya kwanza Fundi kuniita Kasisi. Baada ya hapo hakuniita kingine.

Darasa nililichukua. Nilinunua vitabu vyenye maswali na majibu, tukahamia chumba cha nyuma cha kanisa penye meza, na watoto wakakariri vizuri sana. Mgeni alipokuja tena hakucheka hata kidogo. Ila kwa miaka mitatu ya kulifundisha darasa lile sikumbuki mtoto mmoja aliyeniuliza swali, na sikumbuki jibu langu hata moja lililowafanya waende nyumbani kuomba beseni.

Fundi aliendelea kuja kanisani, akaendelea kulala na kuimba vibaya. Nilipopita kibandani alinisalimia kwa heshima, akanyanyuka hata, jambo ambalo lilinipendeza, Mungu anisamehe. Sikusikia tena neno lolote likitoka pale, na nilidhani ni kwa sababu hakuna watoto wa kulisikia.

Kuna jambo baya zaidi. Jumapili moja ya Kwaresima sikuwa nimejiandaa, na nikiwa madhabahuni nilifungua mdomo, na kilichotoka kilikuwa mwiba. Nilianza na "siku moja nilipokuwa safarini," nikajiweka mimi kwenye hadithi, nikalipapasa tairi kwa mikono yangu hii laini mbele ya kanisa zima. Ilikuwa ndiyo hotuba bora niliyowahi kutoa. Akina mama walifuta machozi. Mlangoni watu walinishika mikono miwili miwili, na Fundi alipofika akanishika naye.

"Umesoma vizuri, Kasisi," alisema.

Nilimtazama usoni nikitafuta kejeli. Haikuwepo. Alimaanisha. Alikuwa amelisikia neno lake mwenyewe kinywani mwangu, na kwa kuwa limetoka kwangu, lilikuwa sasa ni sahihi. Hilo sikulielewa siku ile. Nilipumua tu kwamba nimeponea.

Majuto ni mjukuu, wanasema, na wangu alichelewa kuzaliwa. Nilikuwa mezani asubuhi moja, ninatafuta andiko la Pentekoste, nikafika pale Bwana wetu anapomwambia Nikodemo habari za upepo, kwamba huvuma upendako, sauti yake waisikia lakini hujui unakotoka wala unakokwenda. Na kwamba ndivyo alivyo kila aliyezaliwa kwa Roho. Nilikuwa nimelisoma andiko hilo mara nyingi, chuoni tulilifanyia mtihani. Nikamwona yule msichana amesimama wima. Nikawaza chachu, nyavu, mbegu ya haradali, kiraka kipya kwenye vazi kuukuu. Bwana alifundisha kwa vitu vilivyokuwa mikononi mwa watu, tena kiraka kimo humo humo ndani ya Injili, na hakuna aliyemdai cheti isipokuwa wale ambao sisi wahubiri huwasema vibaya kila Jumapili. Chai ilipoa mbele yangu.

Nilivaa viatu nikashuka hadi kwenye kona. Palikuwa na kijumba kipya cha kuuzia laini za simu. Barabara ilikuwa imepanuliwa, vibanda vimeondolewa, na yule fundi wa ng'ambo ya barabara ndiye aliyeniambia kwamba Fundi na mkewe wamehamia Kisian, nje ya mji. Nilikuwa kasisi wao, na nilikuwa sijui. Wamekosa ibada majuma saba na mimi nilidhani ni mvua.

Kwa miaka miwili nilipita Kisian. Nina wagonjwa wa kutembelea upande huo, na mazishi hayaishi. Kibanda chake kilikuwa wazi kabisa kando ya barabara ya Busia, karai mbele, kofia ile ile. Kila mara nilisema nikirudi nitasimama, na nikirudi nikasema giza limeingia, au nimechoka, au leo sina cha kumpelekea. Mtu anayewahimiza wengine kila Jumapili waende wakapatane na ndugu zao kabla ya kutoa sadaka, alikuwa akikanyaga mafuta penye matuta ya mbele ya kibanda kile.

Mwaka huu pikipiki ya kanisa ilipata pancha ya polepole gurudumu la nyuma, ile inayochukua robo saa kulegea. Fundi mwingine wa pancha yupo hatua ishirini kutoka kwangu. Sikumpelekea. Nilijaza upepo, nikaondoka, nikasimama njiani nikajaza tena, na nje kidogo ya mji mara ya tatu, jasho likinitoka, watu wakinishangaa. Nilikuwa nabeba pancha yangu kama tiketi. Nilitaka nikae mbele yake nikiwa na shida anayoiweza.

Mama Fundi ndiye aliyeniona kwanza. Alikuwa amepungua mwili lakini si maneno. Alinipa kigoda na maji ya kunywa, akaniuliza habari za kanisa, za kwaya, za mama yangu. Fundi alikuwa nyuma amekwenda kuchota maji ya karai, na mkewe alisogea karibu.

"Siku hizi anafanya kazi kimya," aliniambia. "Miaka yote nilikuwa namwambia apunguze maneno. Sasa amepunguza, na mimi nashindwa kuzoea."

Alitokea na ndoo. Nywele zilikuwa zimeisha, mgongo umepinda kidogo, lakini aliweka ndoo chini, akanyoosha mkono na kunisalimia, "Karibu, Kasisi," kwa furaha isiyo na kasoro. Niliposema nina pancha hakuuliza kwa nini nimeileta toka Manyatta. Alitema mate kwenye kidole akagusa valvu. Nilingoja lile neno la jambo jepesi. Mate yalitulia, akafuta kidole kwenye suruali, akachukua spana.

Nilimtazama akifungua, akitoa tyubu, akizamisha. Vipovu vilipanda. Akatia alama kwa kalamu, akakausha, akakwaruza kwa msasa, akapaka gundi. Kisha akatoa simu mfukoni, simu ndogo ya vibonye, akaiweka benchini na kuitazama.

Nilimuuliza zile Baba Yetu mbili ziko wapi.

"Simu iko na saa," alisema. "Dakika tano inatosha."

Basi nikasema, nikitazama simu badala ya uso wake. Nilisema siku ile kanisani nilimkosea, kwamba yule msichana alijibu sawa, kwamba neno lake liko kwenye Injili na mimi ndiye niliyekuwa silijui. Nikasema na la mwiba pia, kwamba niliiba. Sikuwahi kuungama kwa mtu namna ile. Kalamu yake ilikuwa imeniachia wino vidoleni, sijui niliichukua saa ngapi.

"Hiyo nilisamehe kitambo," alisema. "Siku hiyo hiyo, kabla ya sadaka. Hata ya pampu nilisamehe. Tunapigiana simu na yule jamaa."

Nilicheka kwa ahueni, nikafuta uso. Nikamuuliza, kama ni hivyo, kwa nini amenyamaza. Hapa Kisian kuna kanisa, kuna watoto, wamekaa pale wanacheza. Alibandika kiraka kabla hajanijibu, akakikandamiza kwa kidole gumba.

"Zamani nikishika tyubu nilikuwa nasikia kitu," alisema. "Sikuwa natafuta, inakuja tu. Nikadhani ni Mungu. Halafu wewe, mtoto wangu mwenyewe, ukaenda ukasoma, ukarudi, ukasema si Mungu. Sasa nani anajua, wewe ama mimi? Nikaona nimedanganya watoto ya watu miaka mingi. Kumbe nilikuwa nasikia tyubu."

Nilimwambia hapana. Nilimwambia alikuwa akisikia kweli, mimi ndiye niliyekuwa kiziwi, nikamtajia sura na mstari, nikapandisha sauti hadi mkewe akageuka. Aliniacha nimalize. Alitikisa kichwa taratibu, kwa upole ule ule aliokuwa akiwapa watoto waliokisia shimo mahali pasipo shimo.

"Ni vizuri umesema hivyo," alisema. "Ero kamano, asante. Lakini haikuji tena."

Akaingiza mkono ndani ya tairi. Alilipapasa polepole, macho yamefumbwa, mzunguko mzima, na karibu na mwisho akasimama. Akachukua koleo, akavuta. Ulikuwa mwiba mrefu mweusi, ncha yake imevunjika. Akaniwekea kiganjani.

Nilimwomba. Nilimwambia, Fundi, nifundishe huu. Mmoja tu. Nilisahau kuwa mtu mzima. Nilikuwa nimekaa tena kwenye benchi lile, nangoja.

Aliuchukua kiganjani mwangu, akauinua kwenye mwanga wa barabara, akaugeuza upande huu na huu. Hakuwa ananitesa. Niliona kabisa kwamba anajaribu, kwa ajili yangu. Magari mawili yalipita. Kisha akautia kwenye kopo pamoja na mingine, akarudisha tyubu ndani, akanipa tairi nilishike ili apige pampu.

"Ni mwiba tu, Kasisi," alisema.